Wakaguzi wa nyuklia na maeneo ya siri: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Tangu Juni 2025, Israel na Marekani ziliposhambulia vituo vya nyuklia vya Iran, jina la IAEA halikauki redioni, na ubishi vijiweni nao hauishi. Hao wakaguzi wanaingiaje nchi ya watu? Wanatafuta nini? Na mbona kuna wakati walisema hawajaona kitu, vita ikapigwa vilevile? Hapa tumekusanya maswali yanayojirudia zaidi. Majibu hayalingani urefu. Iraq, Korea Kaskazini na Iran ndizo zenye mengi ya kusimulia.

Hivi hawa wakaguzi ni akina nani hasa?

Ni wafanyakazi wa Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, IAEA, lililoanzishwa mwaka 1957 na lenye makao makuu Vienna, Austria. Wako zaidi ya 200, kutoka kila bara: wahandisi, wanafizikia, wanakemia. Nyuma yao ofisini wapo wachambuzi wa picha za setilaiti na wa nyaraka za biashara. Hawabebi silaha, hawakamati mtu, hawavunji kufuli. Wakikuta geti limefungwa na mwenyeji hataki kufungua, wanaandika walichokiona na saa walipokiona, kisha taarifa inakwenda Vienna.

Mwenyeji ana haki pia ya kumkataa mkaguzi mmojammoja kwa jina. Septemba 2023 Iran iliwafutia kibali wakaguzi kadhaa, tena wale wazoefu wa shughuli za kurutubisha urani, yaani kuongeza ndani yake ile aina inayotumika kwenye vinu na mabomu. IAEA ililalamika sana, lakini haki hiyo imo kwenye makubaliano.

Ruhusa ya kuingia wanaipata wapi?

Kwa nchi yenyewe. Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia, NPT, ulianza kutumika Machi 1970. Nchi isiyo na silaha hizo inapojiunga inaahidi kwamba haitatengeneza bomu na kwamba itawafungulia wengine milango ili wajiridhishe. Inatia saini makubaliano na IAEA, inatoa orodha ya mitambo yake na hesabu ya urani na plutoniamu iliyo nayo (nyenzo zinazoweza kutengeneza bomu), na wakaguzi wanakuja kuhakiki.

Nchi tano zilizokuwa zimeshalipua bomu kabla ya 1967, yaani Marekani, Urusi, Uingereza, Ufaransa na China, hazibanwi na wajibu huo. India, Pakistan na Israel hazikujiunga kabisa. Kwa hiyo swali la "mbona kituo cha nyuklia cha Dimona, Israel, hakikaguliwi?" lina jibu fupi lisilomfurahisha mtu: Israel haikutia saini, basi hakuna kifungu cha kuibana. Nchi za Kiarabu zimelalamikia jambo hili Vienna kwa miongo kadhaa, na ni vigumu kusema hazina hoja.

Wanaweza kubisha hodi popote wanapopashuku?

Zamani, hapana. Walikagua kile tu ambacho nchi ilitangaza. Iraq ilionyesha udhaifu wa utaratibu huo kwa namna ya aibu. Wakaguzi walikuwa wakifika kituo cha Tuwaitha, kusini mwa Baghdad, wanahesabu mafuta ya vinu vilivyotangazwa, wanatia saini, wanaondoka. Katika majengo mengine ya kituo hichohicho watu walikuwa kazini kwenye mradi wa bomu. Hakuna aliyewatembeza huko, na wao hawakuwa na haki ya kuomba kutembezwa.

Baada ya aibu hiyo IAEA ilipitisha Itifaki ya Ziada, Mei 1997. Nchi iliyoiridhia inatakiwa kutangaza mengi zaidi, kuanzia migodi ya urani mpaka utafiti na utengenezaji wa vipuri nyeti, na wakaguzi wanaweza kuomba kuingia sehemu isiyotangazwa kwa taarifa ya saa 24. Wakiwa tayari ndani ya kituo na wakataka kuona jengo jingine humohumo, taarifa ya saa mbili inatosha. Lakini itifaki hii ni ya hiari. Iran iliitekeleza kuanzia 2003 mpaka 2006, ikairudia Januari 2016, ikaiacha tena Februari 2021.

Kuna pia kitu kinachoitwa ukaguzi maalumu, ambacho kimo hata kwenye makubaliano ya kawaida. Kinatumika kwa nadra mno: Romania 1992, ambako serikali mpya baada ya Ceauşescu iliomba yenyewe, na Korea Kaskazini 1993, iliyokataa katakata.

Eneo la siri hugundulikaje kwa mara ya kwanza?

Ni mara chache wakaguzi kuwa wa kwanza kujua. Kwa kawaida kuna mtu amevujisha, au shirika la ujasusi la nchi fulani limepeleka picha Vienna. Agosti 2002 kundi la wapinzani wa serikali ya Iran walioko uhamishoni liliitisha mkutano na waandishi wa habari Washington na kutaja vituo vya Natanz na Arak. Septemba 2009 ikawa zamu ya Fordow, mtambo uliochimbwa ndani ya mlima karibu na mji wa Qom. Iran iliiandikia IAEA barua kuhusu mtambo huo siku chache tu kabla viongozi wa Marekani, Ufaransa na Uingereza hawajasimama pamoja Pittsburgh kuutangaza. Wengi waliamini kwamba Iran ilinusa kuwa siri imeshatoka, ikawahi.

Libya ilikwamia baharini. Oktoba 2003 meli iliyoitwa BBC China ilizuiwa njiani ikiwa na vipuri vya mashinepewa, zile mashine zinazozunguka kwa kasi kubwa mno kurutubisha urani. Vilitoka kwenye mtandao wa magendo wa Abdul Qadeer Khan, mwanasayansi wa Pakistan aliyekuja kukiri kwenye televisheni Februari 2004.

Kisa cha Iraq ndicho cha ajabu kuliko vyote. Mwaka 1990, baada ya kuivamia Kuwait, serikali ya Saddam Hussein iliwashikilia wageni na kuwaweka kwenye vituo muhimu ili visipigwe mabomu. Baadhi yao waliwekwa Tuwaitha. Walipoachiwa, nguo zao zilipimwa maabara, na chembe za urani iliyochakatwa na binadamu zikakutwa humo. Watu wale walitoka na ushahidi mwilini bila kujua.

Siku ya ukaguzi wanafanya nini?

Msomaji anayetarajia filamu atachoka mapema. Sehemu kubwa ni kulinganisha daftari na vitu: mitungi mingapi imeandikwa, mingapi ipo, ina uzito gani, namba zake zinasomekaje. Wanafunga kamera, wanakagua lakiri. Ile lakiri ya chuma iliyotumika kwa miaka mingi ina mikwaruzo ndani yake ambayo haifanani na ya nyingine yoyote. Hupigwa picha Vienna kabla ya kusafirishwa, na ikirudi hufunguliwa na kulinganishwa na ile picha. Ukiifungua na kutengeneza ya bandia, mikwaruzo itakuumbua.

Kwenye sehemu inayoshukiwa, kazi yenyewe ni kufuta vumbi. Mkaguzi anafungua kifurushi kilichoandaliwa kwenye chumba safi cha maabara, anavaa glavu, na kila anapohamia sehemu nyingine anavaa mpya. Anatoa kipande cha pamba nyeupe cha mraba, sentimita 10 kwa 10, kama kitambaa cha kufutia miwani. Anapangusa juu ya bomba, nyuma ya kabati, kwenye kona ambayo mfagio hauifikii, kwenye bawaba ya mlango, kwenye mfereji wa hewa. Kipande kinaingia mfuko mdogo wa plastiki, na mfuko huo unaingia mwingine. Huchukuliwa zaidi ya kimoja, ili kimoja kibaki akiba kukitokea ubishi.

Sampuli zinakwenda maabara ya IAEA huko Seibersdorf, nje kidogo ya Vienna, na kutoka hapo husambazwa kwenye maabara za nchi mbalimbali zikiwa na namba tu. Anayepima hajui kama vumbi hilo limetoka Iran, Brazil au Japani. Vyombo vyao hukamata chembe isiyoonekana kwa macho na kusema ni urani ya asili au iliyorutubishwa, na imerutubishwa kwa kiwango gani.

Basi si nchi isafishe tu kabla wageni hawajafika?

Zimejaribu, tena kwa bidii. Mwanzoni mwa 2003 wakaguzi waliomba kuchukua sampuli kwenye karakana ya kampuni ya Kalaye Electric, Tehran. Walizungushwa kwa miezi. Walipokubaliwa, Agosti mwaka huo, walikuta jengo limekarabatiwa kiasi cha kutotambulika. Wakapangusa hivyohivyo, na chembe za urani iliyorutubishwa zikapatikana.

Lavizan-Shian, pia Tehran, majengo yalibomolewa mpaka chini na udongo ukazolewa. Dair Alzour nchini Syria, Israel ilipiga jengo moja jangwani tarehe 6 Septemba 2007. Badala ya kupiga kelele, Syria ilikimbilia kufukia kifusi na kujenga jengo jipya juu yake. Wakaguzi walifika Juni 2008, mara moja tu. Walikuta chembe za urani iliyopitia mikono ya watu. Syria ikasema zimetoka kwenye makombora ya Israel. IAEA ilipima maelezo hayo ikaona hayaingii akilini. Mei 2011 shirika likaandika kwamba jengo lile kwa uwezekano mkubwa lilikuwa kinu cha nyuklia ambacho Syria ilipaswa kukitangaza. Israel yenyewe ilikaa kimya rasmi hadi Machi 2018.

Halafu kuna Turquzabad. Septemba 2018 Benjamin Netanyahu alisimama Umoja wa Mataifa akaonyesha picha ya ghala kando ya Tehran, akasema humo mna vifaa vya nyuklia. Vyombo vya habari vya Iran vikajibu kuwa ni mahali pa kusafishia mazulia. Wakaguzi walipata nafasi ya kuingia Februari 2019, miezi mingi baada ya makontena kuondolewa, na bado pamba ilitoka na chembe za urani. Iran haikutoa maelezo yaliyoiridhisha IAEA, na faili hilo lilikuwa miongoni mwa yaliyotajwa Bodi ya Magavana, yaani nchi zinazoisimamia IAEA, ilipopiga kura Juni 2025.

Kwa hiyo ule ubishi wa siku 24 ulikuzwa kupita kiasi. Makubaliano ya 2015 kati ya Iran na mataifa makubwa yaliweka muda wa hadi siku 24 kumaliza mvutano kuhusu eneo lenye shaka, na wapinzani wa makubaliano hayo wakasema Iran itafagia na kuondoka. Kwa urani, siku 24 ni chache. Kwa kazi isiyogusa urani, kama kompyuta za kuchorea silaha au majaribio ya vilipuzi vya kawaida, hapo wapinzani walikuwa na hoja, maana kazi hiyo haiachi vumbi la kupima.

Chembe zikipatikana, ndiyo ushahidi wa bomu?

Hapana, na hapa ndipo vichwa vingi vya habari vinapoteleza. Chembe inasema nyenzo fulani ilipita hapa. Haisemi nani aliileta, lini, wala kwa nia gani. Baadhi ya zile chembe za Iran za 2003 zilikuwa za kiwango cha juu cha urutubishaji, na wapo waliotangaza kwamba kesi imekwisha. Iran ilidai zilikuja na vipuri vilivyonunuliwa nje vikiwa vimetumika. IAEA ikapata sampuli za vipuri kutoka Pakistan, ikalinganisha, na mwaka 2005 ikasema dai hilo kwa sehemu kubwa linakubaliana na vipimo. Iran iliyokuwa imeficha mengi, katika hilo ilisema kweli.

Korea Kaskazini ilikamatwaje kwenye hesabu?

Hiki ndicho kisa ambacho wakaguzi wenyewe hujivunia. Mwaka 1992 Korea Kaskazini ilitoa tamko lake la kwanza: tumetenganisha plutoniamu mara moja tu, mwaka 1990, takriban gramu 90, kutoka kwenye fimbo chache za mafuta zilizoharibika. Wakaguzi wakaenda kwenye kituo chake cha nyuklia cha Yongbyon, wakapangusa.

Plutoniamu ina aina moja inayobadilika polepole kuwa amerisiamu. Ukipima amerisiamu imefika wapi, unajua plutoniamu ilisafishwa lini. Vipimo vilionyesha kwamba kazi ilifanyika zaidi ya mara moja, 1989, 1990 na 1991. Tena plutoniamu waliyoonyeshwa na taka walizoonyeshwa hazikuwa za kazi moja. Maana yake kulikuwa na plutoniamu nyingine mahali fulani, na taka nyingine mahali fulani.

Februari 1993, kwenye kikao cha faragha cha Bodi ya Magavana Vienna, zilionyeshwa picha za setilaiti za Marekani. Zilionyesha jengo ambalo sehemu yake ya chini ilifukiwa udongo baada ya kujengwa. Hans Blix, mkurugenzi mkuu wa wakati huo, aliomba ukaguzi maalumu wa maeneo mawili. Pyongyang ikajibu kuwa ni maeneo ya jeshi, na tarehe 12 Machi 1993 ikatangaza kujitoa NPT. Ilisitisha uamuzi huo baadaye, ikaingia makubaliano na Marekani Oktoba 1994, ikawafukuza wakaguzi mwishoni mwa 2002, na Oktoba 2006 ikalipua bomu lake la kwanza.

Wakaguzi walifaulu kabisa kugundua uongo. Kuuzuia hakukuwa kazi yao, na waliokuwa na kazi hiyo hawakukubaliana wafanye nini.

Tuongeze na upande wa pili, kwa haki. Mwaka 1998 Marekani ilishuku pango kubwa linalochimbwa Kumchang-ri, kaskazini mwa nchi hiyohiyo. Baada ya mazungumzo marefu yaliyokwenda sambamba na msaada wa chakula, Wamarekani waliingia Mei 1999. Walikuta mahandaki matupu.

Ni kweli wakaguzi waliwahi kufyatuliwa risasi?

Ndiyo, Iraq, tarehe 28 Juni 1991. Baada ya vita vya Ghuba, azimio namba 687 la Baraza la Usalama liliwapa wakaguzi mamlaka ambayo hawajawahi kuyapata kwingine: kwenda popote, wakati wowote. Timu iliyoongozwa na Mmarekani David Kay ilifika kambi ya jeshi karibu na Falluja, ikazuiwa getini. Mmoja wao akapanda mnara wa maji na kuona malori yakitokea upande wa pili. Wenzake wakayafukuza kwa gari huku wakipiga picha, na askari wakafyatua risasi juu ya vichwa vyao. Mzigo kwenye malori ulikuwa vipande vya mashine za sumaku za kutenganishia urani, teknolojia ya miaka ya 1940 ambayo wataalamu wengi hawakudhani kuna nchi itairudia.

Septemba mwaka huo timu hiyo iliingia jengo moja Baghdad na kutoka na marundo ya nyaraka za mradi wa silaha. Wairaqi wakataka zirudishwe. Wakaguzi 44 wakagoma, wakakaa siku nne kwenye maegesho ya magari, wakilala ndani ya mabasi na kuongea na vyombo vya habari vya dunia kwa simu ya setilaiti. Nyaraka ziliondoka nao.

Kama Iraq haikuwa na kitu mwaka 2003, kwa nini ilivamiwa?

Wakaguzi walirudi Iraq tarehe 27 Novemba 2002. Tarehe 7 Machi 2003 Mohamed ElBaradei, Mmisri aliyekuwa mkurugenzi mkuu wa IAEA, aliliambia Baraza la Usalama kwamba wamefanya kaguzi 218 kwenye maeneo 141, na hawajaona ushahidi wala dalili yenye mashiko kwamba mradi wa nyuklia umefufuliwa.

Alizungumzia madai mawili yaliyokuwa yakitajwa sana. La kwanza ni mabomba ya alumini, ambayo Marekani ilisema ni ya mashinepewa. Wakaguzi waliona yanafaa zaidi kwa maroketi ya kawaida, ambayo ndiyo maelezo ya Iraq. La pili ni kwamba Iraq ilitaka kununua urani nchini Niger. Rais George W. Bush alikuwa amegusia urani ya Afrika kwenye hotuba yake ya Januari. IAEA ilipopewa nyaraka zenyewe, haikuchukua muda kuona ni za kughushi. Barua moja ilibeba saini ya waziri aliyekuwa ameshaondoka kwenye wadhifa huo miaka mingi nyuma, jambo ambalo mtu angeweza kulihakiki kwa kutafuta mtandaoni.

Wakaguzi waliomba miezi zaidi. Hawakupewa. Waliondolewa Machi 18, na mashambulizi yakaanza Machi 20. Marekani ilipeleka kikosi chake cha zaidi ya watu elfu kutafuta silaha baada ya kuiteka nchi, na hakikukuta mradi wa nyuklia unaoendelea. ElBaradei na IAEA walipewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2005. Tuzo hiyo haikuirudisha Iraq ilivyokuwa.

Kwa maoni yetu, kisa hiki kinasomwa vibaya pande zote. Wengine husema ukaguzi ni bure kwa kuwa vita ilipigwa. Lakini mwaka 2003 ukaguzi ndio uliokuwa na jibu sahihi. Waliokosea ni wale ambao tayari walikuwa na jibu lao.

Si majasusi hawa?

Shutuma hiyo haikutoka hewani. Januari 1999 iliripotiwa kwamba Marekani ilikuwa imeitumia UNSCOM, timu ya Umoja wa Mataifa iliyokuwa ikikagua silaha za kemikali, za kibaiolojia na makombora ya Iraq, kunasa mawasiliano ya serikali ya Saddam. UNSCOM haikupona na kashfa hiyo. Iliundwa upya kwa jina la UNMOVIC, na wakaguzi wake wakawa waajiriwa wa Umoja wa Mataifa badala ya kuazimwa kutoka serikali mbalimbali.

IAEA ni chombo kingine, lakini tatizo linaigusa pia. Inapokea taarifa za kijasusi kutoka nchi wanachama. Bila taarifa hizo kuna maeneo ya siri isingeyajua. Pamoja nazo, inaweza kulishwa uongo kama ule wa Niger. Kinachofanyika ni kutafuta ushahidi wake yenyewe kabla ya kuandika chochote. Nyaraka ambazo Israel iliziiba kwenye ghala moja Tehran Januari 2018, kwa mfano, ziliwaelekeza wakaguzi pa kwenda, lakini kilichoingia kwenye ripoti ni vumbi walilolipangusa kwa mikono yao.

Nchi ikikataa, nini kinafuata?

Mkurugenzi mkuu, ambaye tangu Desemba 2019 ni Rafael Grossi wa Argentina, anaripoti kwa Bodi ya Magavana yenye nchi 35. Bodi inaweza kupiga kura kwamba nchi imekiuka wajibu wake na kupeleka suala New York, Baraza la Usalama. Huko kuna kura ya turufu. Syria ilipelekwa Juni 2011, na Baraza halikuichukulia hatua yoyote.

Iran je, tangu vita ya Juni 2025?

Tarehe 12 Juni 2025 Bodi ilipitisha azimio kwamba Iran haitimizi wajibu wake. Kesho yake Israel ikaanza kushambulia, na tarehe 22 Marekani ikapiga Fordow, Natanz na Isfahan. IAEA ilikadiria kwamba siku vita inaanza Iran ilikuwa na kilo 440.9 za urani iliyorutubishwa kwa asilimia 60. Kwa kipimo cha shirika, takriban kilo 42 za kiwango hicho, zikirutubishwa zaidi, zinatosha bomu moja. Mzigo huo ulikuwa kwenye mitungi inayohamishika kwa gari.

Julai Iran ilisimamisha ushirikiano kwa sheria ya bunge, na wakaguzi wakaondoka. Septemba 9 Grossi na waziri wa mambo ya nje wa Iran walitia saini utaratibu mpya mjini Cairo. Mwisho wa mwezi vikwazo vya Umoja wa Mataifa vikarejeshwa. Mabomu yaliharibu mitambo, hilo halina ubishi. Yaliharibu pia mnyororo wa hesabu: kabla ya Juni kila mtungi ulikuwa kwenye daftari la Vienna, na baada yake daftari likabaki na tarakimu za Juni.

Kuna nchi iliyowahi kufungua milango yenyewe?

Afrika Kusini. Ilitengeneza mabomu sita, ikayabomoa, ikajiunga NPT Julai 1991, na Machi 1993 Rais F. W. de Klerk akalitangazia bunge habari hiyo. Wakaguzi walipewa kumbukumbu za kila siku za mtambo wa kurutubisha urani, wakazungumza na wahandisi, na wakashuhudia mashimo ya kufanyia majaribio katika jangwa la Kalahari yakijazwa zege. Kuhakikisha kwamba hesabu ya zamani inakaa sawa kulichukua muda mrefu hata kwa nchi isiyoficha kitu.

Libya nayo ilitangaza kuacha mradi wake Desemba 2003. Michoro ya bomu waliyoikabidhi ilikuwa imefungwa kwenye mifuko ya plastiki ya fundi cherehani wa Islamabad.

Huku kwetu Afrika Mashariki na Kongo, yanatuhusu?

Kuliko watu wanavyodhani. Urani ya bomu la Hiroshima kwa sehemu kubwa ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga. Kinshasa ndiko kilikowekwa kinu cha kwanza cha utafiti barani Afrika, 1959, na mwaka 1998 polisi wa Italia walinasa mikononi mwa wahalifu fimbo ya mafuta ya nyuklia iliyotoka huko. Nchi nyingi za bara zimejifunga kwa Mkataba wa Pelindaba, unaopiga marufuku silaha za nyuklia Afrika na unaotumika tangu Julai 2009.

Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zote zimo kwenye Itifaki ya Ziada. Hatuna mitambo ya kurutubisha, kwa hiyo ziara ni chache na hazina vishindo. Lakini mgodi wa urani, kama ule wa Mto Mkuju kule Namtumbo, ni kitu cha kutangazwa Vienna: ulipo, hali yake, na uwezo wake wa uzalishaji kwa mwaka.

Mtu wa kawaida anaweza kuzisoma ripoti za wakaguzi?

Zile za kila robo mwaka kuhusu Iran rasmi ni za wanachama tu, lakini huvuja kwa waandishi Vienna siku hiyohiyo, na nyingi baadaye huwekwa kwenye tovuti ya IAEA. Ni za kuchosha, zimejaa kilo na tarehe. Anayeanza aruke kwanza mpaka kwenye sehemu ya muhtasari mwishoni, kisha arudi kwenye aya zinazotaja maeneo kwa jina. Humo ndimo mlimoandikwa nani alifungua mlango, lini, na pamba ilitoka na nini.